Ngano Yenye Sura ya Mama

Kwetu Beja, vidoadoa vya usoni na vidoadoa vya jani vina jina moja: nameshi. Mama yangu, Manubia, alikuwa nazo tele puani na mashavuni. Aprili ile kutu ya ngano ilipoenea bondeni, shamba lake nalo likaota nameshi.

"Imefanana nawe," mjomba Tijani, kaka yake, alimwambia wakiwa ukingoni mwa shamba. "Sura kama kanga."

"Afadhali kanga kuliko jogoo asiyenyamaza."

Lakini Tijani hakuja kutania. Shamba lilikuwa urithi wao wawili, trekta ilikuwa yake, na kondoo walikwisha kufika. Alitaka waile ngano ile ingali mbichi, kisha alime, kabla ugonjwa haujavuka njia kuingia kwenye ngano yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa mbegu mpya, na ukiitazama kwa mbali ilikuwa kijani kitupu. Ya mama ilikuwa mbegu ya baba yao, ndefu, ya mkate wa tanuri. Baada ya mwaka wa ukame mama alikuwa amepanda yote aliyokuwa nayo. Kondoo wakiila, haipo tena.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha kilimo. Nilichuma jani nikamweleza mjomba kwamba kuvu ya kutu hula seli zilizo hai tu. Ikipenya katika jani la ngano hii, seli zinazoizunguka hujiua, nayo hufa njaa pale pale. Doa lile ni kaburi lake.

"Yaani inachoma nyumba ili mwizi asipate pa kulala?"

"Chumba kimoja tu, mjomba."

"Maneno umejifunza, mwanangu. Ila mimi naona jani linaumwa."

Hakukosea sana. Mwanzoni, doa la jani linaloshinda na la jani linaloshindwa hufanana. Tofauti huja baadaye: kutu iliyostawi hupasua ngozi ya jani na kumwaga unga wa rangi ya chungwa, ambao ndio mbegu zake. Jani lililoshinda halitoi kitu.

Mama alikuwa amejitanda safsari, shuka jeupe la wanawake wa rika lake, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda msibani. Nilimwomba apite katikati ya ngano yake.

"Nakwenda kutoa pole, wewe unanituma kupalilia!"

Akapita hata hivyo. Pindo lilitoka na vumbi na makapi, lakini jeupe. Kisha, bila kuombwa na mtu, alivuka njia akaingia katika ngano ya Tijani. Alipotokea upande wa pili, safsari ilikuwa rangi ya chungwa kuanzia magotini kushuka chini.

"Haya," alisema akiinua pindo. "Kanga nani?"

Tijani alilisugua kwa vidole, akavitazama vidole vyake. Akawapigia kondoo mluzi, wakageuka.

"Dada, utaniwekea mbegu?"

"Nawa mikono kwanza, usije ukanipandia kutu."

Msibani walidhani ni hina.

Kuvu nayo hubadilika. Miaka mingi baadaye ilikuja kutu ya aina nyingine, na mashina mengi ya ngano ya mama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, yakaanza kutoa unga. Hilo lilitarajiwa. Lakini ngano ya kale si mapacha, ni ukoo. Katika shamba moja hawaumwi wote. Kila Aprili napita humo na safsari ile nimeifunga kiunoni, nikichagua mashina ya kuweka kwa mbegu. Rangi ya mwaka ule haikutoka pindoni, kwa hiyo napimia upande mwingine.

Tijani sasa ni mzee. Hukaa kwenye kiti ukingoni, akinielekeza kwa fimbo.

"Lile pale, Raudha. Lenye sura ya dada."

Nafika, nasugua jani kwenye kitambaa. Mara nyingi huwa amekosea. Leo pindo limebaki jeupe, nami nimefunga uzi kwenye shina.