Sentimita Mbili za Kabati la Sinki

Kichwa changu kilipita, mabega yakakataa. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe, nimejichomeka kwenye tundu ambalo mume wangu alikuwa ametoka kulitoboa kwa nyundo chini ya mlango wa bafu. Mbele ya pua yangu kulikuwa na mguu wa binti yangu. Soksi ya kijivu. Kisigino kilikuwa kimebanwa kati ya mlango na kona ya kabati la sinki, kona ambayo niliipiga msasa kwa siku mbili, mpaka ikawa laini kama shavu, ili isije ikamkwaruza.

"Pin-yun," nikaita. "Mwanangu, niitikie."

Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka kwenye beseni. Nyuma yangu mume wangu alinishika vifundo vya miguu, asijue anisukume au anivute.

Imepita miaka tisa. Nayaandika haya kwa ajili ya mama yeyote mwenye binti, na mwenye tepu ya kupimia ndani ya droo, yaani karibu sote katika jengo hili. Nimechoka kuyabeba peke yangu. Na juzi jirani wa ghorofa ya pili aliniuliza, kabati lile mlilinunua wapi, nataka na mimi nimwekee mkwe wangu. Nikamjibu nimesahau.

Sijasahau. Tulilinunua kwenye duka lile kubwa la vifaa kandokando ya barabara ya kutokea Keelung, mji wetu wa bandari huku Taiwan, siku ya mvua, na hapa kwetu siku zisizo za mvua zinahesabika. Pin-yun alikuwa amepiga simu kutoka Taoyuan. Ana mimba ya miezi mitatu, mumewe kapelekwa na kampuni Vietnam hadi baada ya mwaka mpya, daktari anamtaka apumzike, anaomba kuja nyumbani. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hiyo. Alizungumza polepole, kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni.

Nilipokata simu niliingia bafuni na kulitazama beseni la zamani. Lilitundikwa ukutani chini mno, tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, na Pin-yun amerefuka kama baba yake. Tangu akiwa msichana alinawa uso amekunjika kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nikasema hatainama. Safari hii mwanangu hatainama hata kunawa uso.

"Bafu lenu lina ukubwa gani, mama?" muuzaji aliniuliza, mwanamke wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio.

"Ukikaa chooni, magoti yanakaribia mlango."

"Basi hilo si bafu, ni kabati. Unataka kuweka kabati ndani ya kabati." Akacheka, lakini akatuonyesha la bei ndogo, lililokuwa tayari ndani ya boksi: mwili wa plastiki nzito isiyovimba kwa maji, ubao wa juu, na beseni dogo la kauri la kuketi juu yake. "Hili mnaweza kulikata wenyewe. Msumeno wa kawaida tu. Baba anajua msumeno?"

Mume wangu, ambaye alikuwa ameendesha winchi bandarini miaka thelathini, alimtazama kama aliyeulizwa kama anajua kijiko.

Tulilipandisha ghorofa nne, ngazi kwa ngazi, yeye na goti lake bovu, mimi na pumzi zangu. Tukalifungua sebuleni. Nikatoa tepu.

Tepu zetu zina maneno juu ya namba, mekundu ya heri na meusi ya shari, na kila fundi huyatazama, hata yule anayesema hayatazami. Nilisoma mpaka darasa la sita, kisha nikaingia kiwanda cha samaki, lakini maneno hayo nayajua kuliko majina ya shangazi zangu. Upana wa kabati ulikuwa sentimita sitini kamili. Juu ya sitini palikuwa na neno jekundu: kuongeza mtoto.

Nilikaa sakafuni nikalishika neno lile kwa kidole gumba. Nilidhani nimeonewa huruma.

Tulilipeleka bafuni kujaribu. Mume wangu akavuta mlango, ambao hufungukia ndani. Ulikuja mpaka katikati ukagonga kona ya kabati.

"Sentimita mbili," alisema. "Tunakata upande huu, mlango unapita bila kusalimiana na kabati. Hamsini na nane."

Nikaangalia hamsini na nane. Neno jeusi: kupoteza.

"Hapana."

"Mbili tu, Mama Pin-yun. Upana wa kidole."

"Soma mwenyewe."

Akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Tepu hii niliinunua sokoni pamoja na koleo. Koleo lilivunjika wiki ileile."

"Aliyetokwa na mimba mbili ni mwanangu, si koleo."

Aliirudisha miwani mfukoni. Kisha akajaribu kunichekesha, kama kawaida yake akiona nakaribia kulia. "Basi tushuke mpaka arobaini na saba, hapo pana utajiri. Tutanawa kidole kimoja kimoja."

Sikucheka. Alipendekeza tugeuze mlango ufungukie nje. Nikamwambia koridoni ni mbele ya madhabahu ya wazee wake waliotangulia, kama anataka kuwafungulia choo usoni, afungue, mimi simo. Akaenda kuwasha sigara yake dirishani.

Kwa hiyo tulikata kila mahali isipokuwa pale palipohitaji kukatwa. Nyuma tulipunguza sentimita nne na nusu ili lisikaribie choo, na hapo napo nilihakikisha neno ni jekundu. Tulitoboa nafasi ya bomba. Milango yake midogo tuliitoa kwa sababu ingegonga choo, nikashona pazia la maua ya bluu. Miguu tuliibadilisha, tukaweka mirefu, mpaka ubao ukafika kwenye nyonga ya mtu mrefu. Kingo tulizifunga kwa silikoni. Lilikuwa zuri. Sitasema uongo: kwa wiki mbili nilikuwa naingia bafuni bila haja yoyote, nalitazama tu.

Kuingia kwenyewe ilibidi uingie kiubavu, tumbo ndani, kama anayepita kati ya magari mawili. Mimi niliingia. Mume wangu aliingia. Tukasema inatosha. Niliwapima watu wote wa nyumba ile isipokuwa yule niliyekuwa namjengea.

Alifika mwezi wa nne wa mimba, na sanduku moja na mto wake. Alipoliona kabati aligusa pazia, akasimama mbele ya beseni, akanawa uso wima, akageuka maji yakimdondoka kidevuni. "Mama, sijainama."

Nilikwenda jikoni nikakata kitunguu ambacho hakikuhitajika.

Jioni ile, tukila, alisema, "Lakini mlango wenu, mwezi wa nane nitaingiaje?"

Baba yake aliweka vijiti chini, akaenda uvunguni mwa kitanda, akarudi na msumeno. "Dakika tano," alisema.

Nilisimama mbele ya bafu. "Ndani ya nyumba yenye mjamzito? Usikate, usipigilie, usisogeze hata kitanda. Mama yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Mama yangu alikuwa na choo uani."

"Nimesema hakuna msumeno hapa mpaka mtoto atoke."

"Sawa. Atoke, halafu tumkatie mama yake njia ya kwenda kuoga." Alisema kwa ukali wa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Alimtazama binti yake amsaidie.

"Baba, acha," alisema Pin-yun. "Nitaingia kinyumenyume kama kaa." Akatuonyesha palepale mezani, mabega yamekunjwa, na sote watatu tukacheka. Msumeno ukarudi uvunguni.

Wiki nne zikapita. Kila alipoingia bafuni nilisikiliza. Nilisikiliza kitasa, maji, ukimya, maji tena. Alizoea kunichokoza. "Mama, niko hai," alikuwa akisema kutoka ndani. "Mama, bado niko hai." Nilimwambia asitamke neno hilo kabisa.

Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, aliingia kunawa uso. Nilikuwa namenya tangawizi. Nikasikia maji, kisha kishindo kizito, laini, kama gunia la mchele limewekwa chini na mtu aliyechoka.

Nilisukuma mlango. Ulifunguka upana wa kiganja ukasimama, kwa sababu yeye alikuwa ameangukia nyuma ya mlango, mguu umeingia kwenye pengo kati ya mlango na kona ya kabati. Nikisukuma, namsukuma yeye. Nikiacha, simfikii. Mume wangu alipiga simu ya gari la wagonjwa huku akivunja kwa nyundo vile vibao vya plastiki vya kupitishia hewa chini ya mlango, na hapo ndipo nilipoingiza kichwa na mabega yakakataa.

Aliniitikia mara ya tatu. "Mama, usisukume. Inauma." Na baada ya muda, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi, "Mama, kuna damu."

Mume wangu alinivuta kwa miguu. Hakuniuliza. Alikwenda uvunguni, akarudi, akapenyeza mkono na msumeno kwenye lile pengo la kiganja, akaanza kukata kona bila kuiona, shavu lake limebanwa kwenye fremu ya mlango. Plastiki ilitoa sauti ya kukoroma. Unga mweupe ulimwangukia kwenye viatu. Niliusikia kila mvuto wa meno yale, na katika kichwa changu, Mungu anisamehe, bado nilikuwa nahesabu: sitini, hamsini na tisa na nusu, hamsini na tisa.

Kona iliangukia ndani. Mlango ukasogea. Nikapita.

Nilikaa sakafuni kwenye maji, kichwa chake mapajani mwangu, mpaka wale vijana wa gari la wagonjwa walipopanda. Mmoja wao aliutazama mlango, akalitazama kabati, akamtazama mume wangu aliyekuwa bado ameshika msumeno. Tangu mguu ulipobanwa mpaka mlango uliposogea zilikuwa kama dakika kumi na tano. Sikuziona kwenye saa. Nazijua.

Alikuwa mtoto wa kiume.

Hospitali ilikuwa na joto na harufu ya uji wa mchele. Pin-yun alilala akitazama dari. Nilisimama pembeni nimekumbatia mfuko wa nguo zake, kama abiria ambaye hajaambiwa ashukie wapi.

"Daktari amesema kondo la nyuma lilikuwa limeshaachia kabla sijaanguka," alisema. "Ndiyo maana nikazimia. Amesema dakika zile hazikubadilisha kitu."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, Mama."

Alisema hivyo akiwa amefumba macho. Daktari mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, nilipishana naye koridoni mara tatu siku ile. Mara ya tatu alisimama, akaniuliza kama nina swali lolote. Nikamuuliza mashine ya maji ya moto iko wapi. Mpaka leo sijui kama maneno yale yalikuwa ya daktari au ya mwanangu, na sina nguvu ya kujua.

Tulimrudisha nyumbani kukaa ndani mwezi mzima, kama aliyejifungua. Nilimpikia kuku wa mafuta ya ufuta na tangawizi, ini, uji mwekundu. Nilifunga madirisha. Nilimkataza maji baridi, nikamkataza upepo, nikamkataza kulia kwa sababu kunaharibu macho, nikamkataza kuosha nywele mpaka mwezi uishe, kwa sababu baridi huingia kichwani na kukaa humo hadi uzeeni. Kila nilichofundishwa nilikifanya, mara mbili zaidi. Alitii kila kitu. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa. Utii wake ulinichosha kuliko kama angenipigia kelele.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, alikuja jikoni akiwa na taulo begani.

"Mama, kichwa kinaniwasha. Nataka kuosha nywele."

Mdomo wangu ulishafunguka. Maneno yalikuwa tayari yamejipanga, ya mama yangu na ya mama mkwe, na sababu zake zote. Nikamtazama. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso, naye alisimama akisubiri kukataliwa, bila hasira, kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua limeshapita.

Nikabandika sufuria kubwa ya maji. Maji yalipopata moto nilimsogezea kiti mbele ya sinki la vyombo, nikamwekea taulo shingoni, akainamisha kichwa. Nikapima maji kwa kiwiko. Nikamimina bakuli la kwanza. Nywele zake zilikuwa nzito, nilikuwa sijazishika tangu alipokuwa darasa la tatu.

"Zilikuwa sentimita mbili tu," nikasema. "Baba yako alitaka kukata. Mimi ndiye niliyekataa."

Maji yalikuwa yanashuka kwenye bomba la chini ya sinki. Mtu wa ghorofa ya juu alikuwa anaburuta kiti.

"Najua, Mama. Baba aliniambia siku ile ya kwanza niliyofika."

Nilisimama na bakuli mkononi. Povu lilikuwa linamshukia kuelekea jichoni, nikalizuia kwa kiganja.

"Maji yanapoa," alisema. "Ongeza ya moto kidogo."

Nikaongeza.