Shimo Lililo Juu ya Chemchemi

Mimi ni fundi bomba, na katika mtaa wetu hakuna bomba hata moja linalotoa maji. Watu wakicheka jambo hili nawaambia wacheke tu, lakini wakimaliza waniambie wanakunywa nini. Wanakunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya mteremko, ile tuliyoijengea saruji na kuitia mdomo wa chuma miaka sita iliyopita. Maji yake ni meupe, baridi, mazuri kuyatazama, na hilo ndilo linaloniudhi. Yangekuwa na matope kila mtu angeyaogopa.

Binti yangu Nasra ana miaka tisa. Mwaka huu ameugua taifodi mara mbili. Mara ya pili daktari alinivuta pembeni akaniambia utumbo wake umechoka, kwamba ugonjwa ukirudi tena huenda utumbo huo ukatoboka, na wakifikia hapo wengi hawaponi. Nyumbani tunachemsha maji. Mke wangu Karima anachemsha mpaka makaa yanaisha. Lakini mtoto akitumwa dukani anapitia chemchemini, anakinga viganja, anakunywa, kama wenzake wote. Nimemkataza, nimemfokea, nimembembeleza. Jua likimchoma anasahau yote.

Kwa hiyo nilitaka kujua uchafu unatoka wapi. Niseme ukweli, nilijiona najua tayari. Juu ya mteremko, jirani na msikiti wetu, Papa Wenceslas, Mkatoliki na mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuwa amejenga ghorofa lenye vyoo vinne vya kuvuta maji ya tangi lake la mvua. Vyoo vinne kwa familia moja, na sisi chini yake na bidoni zetu, madumu ya kuchotea maji. Katika mkutano wa wakazi wa avenue, yaani barabara yetu, nilisimama nikasema mtu huyu anatunywesha choo chake. Walinipigia makofi. Tangu nizaliwe sijawahi kuona watu wa avenue yetu wakikubaliana na mtu haraka namna ile, na ingefaa nishtuke hapo hapo.

Papa Wenceslas hakukasirika. Alingoja makofi yaishe, akainuka.

"Papa Hemedi, we iko fundi. Kuya kwangu, uangalie. Kama mavi yangu iko naingia mu maji ya batoto, donc mi mwenyewe nitafunga."

Nilikwenda. Fundi mwenzangu wa mjini alikuwa amenipa kopo la unga wa rangi, ule wanaoutumia watu wa kufuatilia maji chini ya ardhi. Ukiwa mkavu ni mwekundu, ukiingia majini unageuka kijani kikali, na haumdhuru mtu. Nilimwaga nusu kopo katika vyoo vyake vyote vinne, naye akinishikia mlango kwa adabu na kuniuliza kama nitakunywa soda. Nikakataa soda. Sikutaka kunywa kitu cha adui.

Kisha nikakaa chemchemini. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu maji yakatoka meupe vile vile, na wanawake kwenye foleni wakaanza kuniuliza kama sina kazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Karima kwamba unga umezeeka, au Wenceslas ameziba bomba kwa siri, au udongo wa pale ni mzito. Nilitoa sababu nyingi. Karima alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho.

"Poudre iko sawa," alisema. "Choo ingine iko kule yulu, na we unaijua."

Nilitoka bila kula.

Choo kingine ni cha msikiti, na nimekijenga mimi. Baba yangu alipofariki nilitaka kumtolea sadaka ambayo thawabu yake haikatiki. Wengine hununua mikeka au misahafu. Mimi fundi bomba nilijenga vyoo vitatu na mahali pa kutawadhia, kwa mikono yangu, kwa jina lake, na hakuna kazi niliyopata kujivunia kama ile. Mwanzoni nilichora bomba litokee upande wa barabara, kwenye ardhi tambarare. Ndipo Tonton Moussa, muadhini wetu, alipokuja kusimama juu ya msingi na kunionyesha kwamba mtu akichuchumaa pale ataelekea kibla. Ni kweli, haifai. Basi nikaligeuza jengo lote robo ya duara, vyoo vikakaa vizuri, na bomba likatokea nyuma, upande wa mteremko. Nikachimba shimo pale pale bomba lilipoishia. Wazee wengi walikuja kukagua kazi ile. Kila mmoja alikagua kibla. Hakuna aliyetazama chini, na mimi ndiye fundi.

Karima hakubishana nami. Ijumaa asubuhi, wanawake walipokwenda kufagia uwanja wa msikiti, alichukua kopo akamwaga nusu iliyobaki katika vyoo vyote vitatu. Aliniambia Jumamosi, nilipokuwa navaa viatu. Nilishuka mteremko nikikimbia kama mwizi.

Maji yalikuwa kijani. Yalitoka kwenye mdomo wa chuma yakiwa kijani cha kutisha, na foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Niliwauliza wanafanya nini. Mama Annette, anayeheshimiwa na foleni nzima kwa umri wake, alinituliza. Akasema serikali imemwaga dawa ya kipindupindu, nisiogope, nikalete bidoni kabla dawa haijaisha. Wengine walikuwa wamekuja na bidoni tatu. Niliketi kwenye saruji. Nilitamani kumpiga mtu, ila mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Tonton Moussa alinikuta hapo, nikamweleza yote. Si mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha baba yangu. Aliinama karibu na sikio langu.

"Mutoto yangu, batu bote iko nasadiki ni choo ya Wenceslas. Acha vile. Tutachimba shimo ingine pole pole, bila kupatisha papa yako haya."

Ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ulinichoma. Uongo ulikuwa umekwisha kupigiwa makofi. Sikutakiwa kusema neno, nilitakiwa kunyamaza tu na kungoja hiyo pole pole yao, ambayo katika mtaa wetu naijua, ni mwaka na nusu. Nilikuwa sijamjibu nilipomwona Nasra. Alikuwa amesimama nyuma ya foleni na wenzake, akanificha mikono mgongoni. Nikamwita. Nikamfungua viganja. Vilikuwa kijani, na midomo yake pia.

Nilipanda juu ya saruji nikawaambia wote. Nikasema shimo linalotuua ni langu, nimelichimba mimi, Papa Wenceslas hana kosa, nilimsingizia, wamwage maji hayo sasa hivi. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Lingala, asije mtu akasema hakusikia. Mama Annette alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Bon," alisema. "Donc Wenceslas alikununua."

Wakacheka kidogo, wakajitwika. Bidoni za maji ya kijani zikapanda mlima moja moja, kila moja kwenye nyumba yake.

Nilikwenda nyumbani kuchukua nyundo kubwa. Karima alikaza kitenge kiunoni, akabeba tindo, tukapanda pamoja mpaka msikitini. Nilianza na choo cha kwanza. Saruji yangu ni nzuri, nimejaliwa mkono, na siku ile niliulaani mkono huo kwa sababu kila kipande kilitaka mapigo kumi. Waumini waliokuja kuswali adhuhuri walijaa getini. Mmoja alisema Wakatoliki wamenilipa nivunje nyumba ya Mungu. Mwingine alisema nimerukwa na akili, na wa tatu akauliza sasa wao watajisaidia wapi. Nilimwomba baba msamaha kwa sauti, kwa kila pigo, na sikuacha kupiga, kwa sababu yeye ameshakufa na Nasra bado.