Nyuzi Nne za Jumamosi

"Imekwama tena!" karani wa mizani alipaza sauti dirishani. "Gentrix, foleni ya trekta imefika barabarani!"

Gentrix Ayuma aliinamia kibodi. Kompyuta ilikwama Jumatatu asubuhi, na leo ni Jumatano. Jamani, kuna aibu inayomnyima mtu hata hamu ya chai.

Programu ile ya kiwanda cha sukari aliiandika yeye, miezi saba, mwaka huo wa tisini na nane. Kila trekta iliyoingia na miwa ilipewa uzi wake ndani ya programu, yaani kazi inayokwenda sambamba na nyingine: huu unasoma uzito, ule unatafuta jina la mkulima. Kabla ya kuikabidhi, ilibidi aijaribu kwa nyuzi nyingi kama trekta zitakazokuja kwa pamoja. Ngapi? Kuuliza si ujinga, lakini Gentrix hakuuliza. Alichungulia uani, akahesabu trekta nne. Akajaribu uzi mmoja, nyuzi mbili, nne. Mambo yakawa shwari, akatia sahihi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Na nani Kakamega asiyejua Jumamosi ni ya mazishi? Madereva walikuwa matangani. Hata yeye mchana huo alikwenda Butere kuzika.

Sasa alijaribu nane. Zikaenda. Kumi na sita, mashine ikaganda, kila uzi ukingoja mwenzake aachie faili ya wakulima. Jaribio la dakika tano tu! Alijichukia, kweli alijichukia.

"Ulipima na ngapi?" aliuliza Bwana Shikanga, mkubwa wake, akiwa amesimama mlangoni.

"Nne."

"Nne? Jumatatu trekta zinakuwanga thelathini!" Akashika kichwa. "Toeni vitabu. Tuandike kwa mkono."

Gentrix akatoka nje. Katikati ya foleni, kivulini mwa trela, alikaa mjomba wake Elkanah wa Navakholo, yule aliyemlea. Miwa yake ilikatwa Alhamisi iliyopita, na muwa uliokatwa hukauka kila siku inayopita.

"Mama, umekula?" mzee akauliza. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mtoto wa dada yangu niliyewaambia. Wa kompyuta."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimuuma Gentrix kuliko matusi.

"Mjomba, kosa ni langu. Niliipima vibaya."

Elkanah akaitazama miwa yake trelani.

"Miezi ishirini nimeipalilia," akasema taratibu. "Mimi kompyuta sijui. Miwa najuanga."

Akachomoa muwa mmoja kwenye trela, akaumenya kwa panga, akakata kipande na kumpa kama alivyokuwa akimpa utotoni.

Gentrix akatafuna. Akatafuna tena, mzee akimtazama mdomo, lakini hakupata cha kumeza.