Bendera za Mlango wa Nyuma

Machale yalimcheza Bi Pindo tangu shemeji yake alipoingia kwa mlango wa nyuma. Mdogo huyu wa marehemu mumewe, karani wa manunuzi katika ofisi ya wilaya, alikuwa mtu wa kupita mbele, akapiga hodi, akaulizia magoti ya Bi Pindo yanayouma, akakaa. Leo alipitia uani amekumbatia boksi, akalitua juu ya meza ya kukatia, kisha akaenda mwenyewe kurudishia mlango wa mbele.

"Mbona unanifungia duka mchana kweupe, shemeji?"

"Upepo."

Nje hata jani halikutikisika.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka hata ulivute na ng'ombe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona bendera za ofisi zote za wilaya. Mwaka huu kazi haikuja. Alipouliza, akaambiwa siku hizi ni zabuni, dunia imekuwa kijiji, mwenye kiwanda popote alipo anaruhusiwa kuomba. Naye akaomba. Kimya. Tangu hapo shemeji alikuwa akimpiga chenga hata misibani.

Bi Pindo alifungua boksi. Bendera, mpya, za kitambaa kinachoteleza, na ukingoni lebo yenye maandishi ya nchi asiyoijua. Akaigeuza moja mara mbili.

"Vitanzi vya kamba vimeshonwa chini," akasema. "Hii ikipanda mlingotini, inapanda kichwa chini miguu juu."

"Zote ziko hivyo. Mia moja na ishirini. Ijumaa ni sherehe. Nihamishie vitanzi, shemeji, lakini isijulikane."

"Isijulikane na nani?"

"Na watu. Haya ni mambo ya serikali."

"Serikali ninayoijua mimi ina barua na muhuri. Wewe umeniletea boksi. Nikikutwa nazo humu, nitasema nimezitoa wapi?"

Bi Pindo akamwambia aliache boksi, atafikiria. Alichofikiria ni kimoja tu: kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi alikwenda masjala ya wilaya na stakabadhi ya maombi yake. Mtunza faili, mama mmoja ambaye Bi Pindo alikuwa akimshonea sare, alilipekua kabati, akamfungulia jalada na kugeukia dirishani kama mtu asiyeona kitu. Juu ya maombi, kwa wino mwekundu: *Hana uwezo wa kutosha. Aondolewe.* Hakukuwa na jina. Lakini herufi zile zenye mikia mirefu Bi Pindo alizijua. Ndizo zilizomwandikia barua zote za hospitali mumewe alipokuwa kitandani.

Alimkuta shemeji mezani kwake, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Umekula nini?"

Hakujifanya haelewi. "Sijala hata peremende."

"Basi mkono wako umeandika peke yake?"

"Shemeji, ungeshinda, wangesema nimempa mke wa kaka yangu. Kila zabuni ningenyooshewa kidole. Nikaona nikutoe mapema, nibaki msafi."

"Umebaki msafi kwa kunipaka mimi tope. Na hizi za kichwa chini?"

"Walituma sampuli. Niliisaini bila kuikunjua."

Bi Pindo alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta uongo usoni pake kama anavyotafuta mshono uliorukwa. Hakuuona, na bado hakumwamini sawasawa. Mtu aliyekuficha jambo miezi mitano anaweza kuficha la pili.

"Nitashona," akasema. "Ila uandike barua. Useme zimekuja vibaya, uliyeziidhinisha ni wewe, na anayezirekebisha ni fundi uliyemwandika kuwa hana uwezo. Mkuu wako aigonge muhuri. Nakala moja nikae nayo mimi."

"Watanifukuza."

"Huenda."

Aliandika. Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili, akasema suala la nidhamu lisubiri sherehe ipite, akagonga muhuri kwa hasira kiasi cha kutikisa vikombe.

Siku tatu zilizobaki kabla ya Ijumaa, mlango wa mbele wa duka ulikuwa wazi. Shemeji alikaa kwenye kigoda na wembe, akifumua vitanzi. Bi Pindo alivishona upya juu. Siku ya pili shemeji akamuuliza habari za magoti, naye Bi Pindo akajibu kuwa magoti yapo. Kila bendera aliyoifumua shemeji, Bi Pindo aliinyanyua mbele ya dirisha akaikagua uzi kwa uzi kabla ya kuipeleka kwenye cherehani.

Ijumaa bendera zikapanda kichwa juu. Wiki iliyofuata shemeji akahamishiwa stoo, kazi isiyohitaji sahihi yake. Alikuja kumwambia mwenyewe, kwa mlango wa mbele, na akapewa kiti.

"Wewe uliyezoea mambo ya ofisi," Bi Pindo akamuuliza, "mwakani nikiomba, barua yangu nimkabidhi nani?"

"Mkabidhi mkuu, mkononi. Akusainie kuwa amepokea."

Bi Pindo akaliandika jibu hilo kwenye karatasi. Kisha, shemeji alipoondoka, akavuka barabara kwenda kumuuliza mtu mwingine swali lilelile.