Hita Isiyo na Sauti

Kisasi changu mimi hakina shahidi. Pita kijiji chetu chote, kuanzia dukani hadi ufukweni ambako barafu ya ziwa inaanzia, uliza: nani amewahi kumkamata Leandre? Hakuna. Ngazi za mwalimu wa hesabu nilizimwagia maji yakaganda, hadi leo lawama imebeba mvua. Na mvua ya Januari huku kwetu haijawahi kunyesha.

Kwa hiyo binamu yangu Marius aliponiletea pikapu yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, nimfungie hita ya injini, kile kifaa cha umeme kinachopasha injini usiku isigande, karibu nimbusu.

Ngoja kwanza ujue alichonifanyia. Mwaka jana, kwenye tamasha la majira ya baridi, niliingia shindano la kubeba magunia ya unga. Unainama, watu wawili wanakupandishia gunia juu ya gunia mgongoni, unatembea mpaka kwenye kamba, unarudi kuongezewa. Mmoja wa waliokuwa wakinipandishia ni Marius. Akanipangia gunia la tano upande upande, kwa makusudi, namjua. Nikatembea kama kaa. Hatua chache, chini, puu! Gunia likapasuka, nikaibuka mweupe kuliko theluji. Marius akaruka upande wa pili, simu mkononi. Akazirekodi hadi kope zangu. Akaiwekea video muziki wa fidla, akairudiarudia pale ninapoanguka ili nionekane nacheza. Kisha akaingia shindanoni yeye na misuli yake ya jimu, akashinda.

Tangu siku hiyo mimi ni Gunia. Dukani, Gunia. Gereji, Gunia. Kanisani wakati wa kupeana amani, mama mmoja mzee akanishika mkono: "Amani iwe nawe, Gunia."

Mwaka mzima nikajifua. Nikabeba kuni za Bibi, nikabeba vyakula vya mbwa, nikambeba hata mbwa. Mwaka huu taji la magunia lilikuwa langu, labda tu Marius naye awepo. Bila Marius, hakuna mwingine wa kunitisha.

Basi akaja gerejini ninakofanya kazi, siku mbili kabla ya tamasha.

"Gunia! Upo?"

"Nipo. Funga mlango, unaniingizia baridi ya nchi nzima."

"Binamu, hita ya gari imeungua. Na redio inasema Jumamosi itapita arobaini chini ya sifuri."

"Si ulikuwa mtu wa Saskatoon wewe? Mtu wa mjini hajui kufunga hita?"

"Saskatoon nilikuwa napaki chini ya ghorofa. Kule chini unaweza kulala na fulana."

"Hongera. Huku ukilala na fulana tunakuweka bandani, tunakuzika mwezi wa tano ardhi ikilainika."

Akacheka. Ana meno mazuri, mjinga yule. Akaniwekea sanduku mezani. Nikalitambua. Bibi yetu Alphonsine alikuwa ameagiza hita mbili, mapacha kabisa, moja ya pikapu yake na nyingine zawadi kwa mjukuu wake mpendwa kutoka mjini. Ile ya Bibi nilikuwa nimeshaifunga wiki iliyotangulia. Mimi, mjukuu wa kuni na theluji, nilipewa asante.

"Keti karibu na jiko," nikamwambia. "Kahawa ipo. Usiguse kitu."

Nikalala chini ya gari nikiimba. Nataka ujue kwamba kazi niliifanya vizuri. Nilimwaga maji ya rejeta kwenye beseni hata tone lisipotee. Kizibo cha pembeni mwa bloku ya injini nilikigonga upande mmoja kwa patasi mpaka kikageuka ubavu kama sarafu, nikakivuta kwa koleo. Tundu nikalisugua kwa msasa likang'aa. Mpira wa hita nikaupaka grisi, nikaichomeka hita ndani, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka nikahakikisha ule mviringo wake unaopata moto haugusi ukuta wa injini, maana ukigusa unaungua. Nikakaza skrubu, si sana. Nikarudisha maji, nikatoa hewa, nikatazama. Hapakuwa na jasho hata la sindano. Fundi ni fundi, hata akiwa na sumu rohoni.

Ilibaki waya. Waya wa hita una kichwa kinachosukumwa kwenye pini mbili za hita mpaka kikae. Unasukuma kwa nguvu, unasikia "tk". Mimi sikusukuma. Nilikiegemeza tu pembeni ya pini, kama mtu anayeegemea mlango bila kubisha, nikakifunga kamba ya plastiki kitulie hapohapo. Ukichungulia kwa tochi utaapa kimeingia. Halafu waya nikaupitisha vizuri kabisa, mbali na bomba la moshi, hadi mbele kwenye grili, plagi ikaning'inia nje kama magari yote ya kijiji.

"Jumamosi," nikaiambia ile pikapu taratibu, "utakuwa jiwe."

"Unasemaje?" Marius akauliza kutoka pale penye jiko.

"Nasema kazi imekuwa nyepesi."

Akaja, kikombe mkononi, akainamia injini akijifanya anaelewa.

"Sasa nikishachomeka kwenye umeme, nitajuaje inafanya kazi?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Kila mtoto wa huku anajua: unachomeka, unaweka sikio kwenye boneti, unasikia hita inavyonong'ona, sssss, kama birika linalokaribia kuchemka. Ukiisikia unaingia ndani kulala. Lakini huyu alikulia chini ya ghorofa.

"Hizi za kisasa hazina sauti," nikasema. "Za zamani ndizo zilikuwa zinapiga kelele. Ukisikia sauti, ujue imeharibika, niite."

"Teknolojia!" akasema, akanipiga begani. "Asante, Gunia. Tukutane kwenye magunia."

"Tukutane."

Siku iliyofuata ilipita nikiwa na furaha ya mtu aliyeshiba. Nilipita mbele ya nyumba yake mchana, nikaona tayari ameshavuta waya mrefu wa rangi ya chungwa kutoka ukutani, ameuchomeka kwenye gari, ameupindapinda vizuri usikanyagwe. Boneti ilikuwa nyeupe, ganda la barafu halijayeyuka hata kidole. Nikampungia mkono dirishani. Akanipungia.

Jumamosi ikaja na arobaini na nne chini ya sifuri. Baridi ya kukufanya ukikohoa uhisi umemeza kisu. Nikafika kwa Bibi mapema; ndiye niliyekuwa nampeleka tamashani, mwendo wa saa tatu. Pikapu yake ilikuwa uani imechomekwa, boneti imekauka, mbwa amejilaza mbele yake akiota joto. Ndani, Bibi alikuwa akifunga mikate yake ya kukaanga kwenye taulo.

"Kula," akasema. "Leo unabeba unga, usibebe njaa."

Sijamaliza supu ya sungura, mlango ukafunguliwa. Ukungu wa baridi ukaingia kwanza, Marius akafuata. Kope nyeupe, masharubu yamekuwa vijiti vya barafu, begi mgongoni.

"Gari limekataa, Bibi," akasema. "Nikiwasha linakoroma mara moja tu, basi. Oili imekuwa jiwe."

Jiwe! Alisema neno langu. Nilijificha kwenye bakuli.

"Pole, binamu," nikasema. "Ndiyo maisha. Utaangalia matokeo kwenye simu."

"Kwa nini aangalie kwenye simu?" Bibi akasema. "Pikapu yangu ina viti vitatu. Keti, Marius, vua buti. Leandre, msogezee mkate."

Hebu fikiria. Nimelala chini ya injini jioni nzima, nimepanga, nimeegemeza, nimefunga kamba, ili nije nimwendeshe adui yangu saa tatu nzima, bega kwa bega, akila mkate wenye jamu mbele ya macho yangu. Na akifika anyakue taji. Nikamsogezea mkate. Kidogo tu.

Bibi akamimina chai. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za kuku:

"Ulilichomeka?"

"Tangu juzi, Bibi."

"Umeme ulikuwepo?"

"Taa ya nje ilikuwa inawaka muda wote. Ni ukuta uleule."

"Ulisikiliza?"

"Hakuna cha kusikiliza, Bibi." Marius alikuwa na mkate mdomoni. "Leandre aliniambia hizi za kisasa hazina sauti. Ukisikia sauti imeharibika."

Nikaanza kutafuta chumvi. Ilikuwa mbele yangu, lakini nikaendelea kuitafuta.

Bibi akavaa koti lake kubwa, akajifunga kitambaa, akaingiza miguu kwenye buti. Mlangoni akageuka.

"Njooni."

"Bibi, supu itapoa," nikasema.

"Ipoe."

Tukasimama uani watatu. Moshi wa bomba la nyumba ulipanda wima kama mlingoti, upepo hata wa kudanganyia haukuwepo. Mbwa akatupisha. Bibi akaishika shingo yangu kwa ile glovu yake ya ngozi, akaniinamisha mpaka sikio likakaribia boneti, na Marius akainama mwenyewe upande wa pili. Tukabaki tumetazamana, pua kwa pua.

Sssssssss, ikasema hita ya Bibi.

"Hii ameifunga nani?" Bibi akauliza.

"Mimi, Bibi."

"Na ya Marius ni ya aina gani?"

"Ileile, Bibi."

"Na hii imeharibika?"

Marius alikuwa bado ameinama, anasikiliza, mdomo ukifunguka polepole, barafu ya masharubu ikidondoka kipande kimoja kimoja. Kisha akanyooka. Akaingiza mkono ndani ya koti, chini ya kwapa, ambako mtu hata wa mjini hujifunza upesi kuficha simu isife kwa baridi. Akaitoa. Ilikuwa na joto na chaji imejaa.

"Bibi, mshikilie hapohapo," akasema, akirudi nyuma hatua moja ili boneti nayo iingie kwenye video. "Haya, Gunia. Rudia polepole. Hizi za kisasa hazina nini?"