Mstari wa Kwanza wa Fomu

Fomu ya matakwa ilikuwa karatasi moja tu, rangi yake kama maziwa yaliyolala, na mistari mitatu katikati. Kila mwaka mwanzo wa Aprili, maofisa waliomaliza muda wao kituoni waliandika humo vituo vitatu wanavyovitaka, kinachopendwa zaidi juu, wakatia sahihi, kisha wakakaa kusubiri waraka wa uhamisho wa mwezi wa Juni.

Meja Tharwat Bahgat aliandika kwanza kwa penseli. Mstari wa juu aliandika Ismailia. Miwili iliyobaki akaiacha wazi, maana hakuwa na takwa la pili wala la tatu. Kutoka Ismailia mpaka Zagazig ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, na Zagazig, ghorofa ya tatu juu ya duka la mpiga pasi, ndiko alikokuwa mama yake, Bi Suhair.

Bi Suhair alikuwa amepotewa na kumbukumbu mwaka wa tatu sasa. Majina ya majirani yalikwenda, siku za wiki zikaenda, mwisho akaamini kwamba kila mwanamke anayemletea sahani ameitia dawa. Hakula kwa mkono wa mtu yeyote isipokuwa mwanawe. Alimwita kwa jina la marehemu mumewe, lakini kinywa alikifungua. Tharwat alijaribu kumhamishia Kairo, mama akalia siku nne mfululizo, ya tano akatoka na nguo za kulalia mpaka barabarani akaanguka. Akamrudisha kwake. Tangu hapo kila jioni, kazi ikiisha makao makuu, alipanda treni kwenda Zagazig kumlisha supu ya dengu iliyochujwa, wali wa maziwa, na mchuzi wa majani ya molokhiya siku za Ijumaa, na alfajiri akarudi Kairo. Mkewe hakuwapo wa kumsaidia. Uhamisho wa tatu ulimshinda, akarudi kwao Tanta na vyombo vyake.

Mwaka uliopita Tharwat alipelekwa mazoezini siku tano. Bi Suhair hakutia kitu tumboni siku tano. Alikutwa hospitali na mpira wa maji mkononi, na daktari akasema bila kuzunguka, "Meja, ikitokea mara nyingine hivi, hatainuka."

Kwa hiyo aliandika Ismailia, na aliandika kwa mkono uliotulia.

"Umeandika nini, bwana mkubwa?" aliuliza Meja Wagdi pale mesini, bwalo la maofisa. Wagdi walisoma naye chuo cha jeshi, kitanda cha juu na cha chini.

"Ismailia."

"Juu kabisa?" Wagdi alicheka mpaka chai ikamwagikia kisahani. "Ndugu yangu, wewe una miaka kumi na sita jeshini au ni kuruta wa juzi? Nani aliwahi kupewa mstari wa kwanza? Nitajie mmoja."

Tharwat akafikiri. Yeye mwenyewe aliwahi kuomba Aleksandria akapewa Aswan. Mwenzao mmoja aliomba Aswan kwao akapewa Aleksandria. Hakumpata hata mmoja.

"Umeona? Mstari wa kwanza ni wa kuwaonyesha kwamba wewe ni dume," Wagdi akasema, na sasa ameinama, sauti chini. "Unaandika kule dunia inakoishia, tuseme Siwa, jangwani karibu na Libya. Wanasema, huyu ana moyo, huyu haogopi jua. Halafu wanashuka wa pili, wanakupa cha kwako na shukrani juu yake. Mimi nimefanya hivyo mara mbili. Niko wapi leo? Kairo, nakunywa chai na mtu mkaidi."

"Na wakinipa hicho cha kwanza?"

"Siwa? Nani anapewa Siwa kwa kuiomba? Siwa mtu hupelekwa kwa kosa!"

"Wagdi, ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakusumbua. Ungekuwa huna mama ningekuacha uandike upuuzi wako."

Tharwat alikwenda na fomu nyumbani, akaifikiria siku mbili. Aliwauliza na wengine, na wote walimwambia lile lile, hata karani mwenye mvi aliyekuwa akizipokea fomu hizo tangu zilipokuwa zinaandikwa kwa kalamu ya kuchovya. Siku ya tatu akafuta penseli kwa ufutio, akapuliza vumbi lake, akaandika kwa wino: Siwa. Ismailia. Suez. Akatia sahihi.

Waraka ulibandikwa ubaoni Jumatatu, saa tatu asubuhi, na watu wakajaa ukumbi mzima. Luteni kanali mmoja mnene alikuwa akimkumbatia kila anayepita. Yeye aliandika Mansura kwao, juu kabisa, kwa ujinga wake tu, akapewa. Mwingine alicheka, mwingine alikuwa ameshika simu akilia kwa furaha. Jenerali mpya aliyeshika ofisi ya uhamisho alikuwa ameagiza kwamba safari hii kila ofisa apewe mstari wa kwanza kadiri iwezekanavyo, kwa sababu, alisema, mtu aliyeridhika hufanya kazi vizuri.

Tharwat alilisoma jina lake mara tatu. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi zote zipo, na mbele yake Siwa.

Kanali Shukri wa ofisi ya uhamisho alimpokea vizuri, akamwagizia kahawa. Alidhani amekuja kuaga.

"Hongera, Tharwat. Ni wewe peke yako uliyeomba huko. Jenerali mwenyewe ameliuliza jina lako."

"Afande, sikutaka kwenda Siwa."

Kanali akafungua jalada, akaigeuza fomu ili msomaji awe Tharwat. "Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu, afande. Niliandika nikijua sitapewa."

"Ulijuaje?"

Tharwat akasukuma kahawa pembeni. Akaeleza habari za mama yake, tangu dengu mpaka hospitali, naye hakuwa mtu wa kueleza mambo ya nyumbani. Kanali alisikiliza hadi mwisho, kahawa ikapoa.

"Ungeandika haya mwezi wa nne," alisema, "leo ungekuwa Ismailia. Ile nafasi ameichukua kapteni aliyeiandika juu. Ana watoto watatu, wameshaandikishwa shule. Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba kuna mkubwa wake aliyekuwa anatania?"

"Kuna malalamiko, afande?"

"Yapo. Hujibiwa baada ya siku sitini, nawe uwe umeshakwenda kituoni. Una siku saba za kuripoti. Likizo ni kila baada ya siku ishirini na nane."

Nje, Wagdi alikuwa amesimama akimsubiri, kofia mkononi. "Nisamehe," alisema. "Nipige hata kofi." Tharwat akampita. Hakuwa na hasira naye. Hasira ingekuwa kitu cha kushika.

Siku zile saba alizitumia kumfundisha Mama Nasir wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye huruma na mikono mikubwa. Kwanza alikaa tu pembeni huku Tharwat akilisha. Kisha akashika bakuli. Kisha akavaa shati la Tharwat juu ya gauni lake, akajinyunyizia manukato ya Tharwat ya kunyolea, akaufunga mdomo isisikike sauti yake ya kike. Walicheka wote wawili siku hiyo. Bi Suhair akamtazama, akasema, "Wewe mama, hilo shati la mume wangu umelitoa wapi?" akageukia ukutani.

Siku ya sita Mama Nasir alimpa kijiko mara kumi na moja, na Tharwat alihesabu. Bi Suhair hakukipokea hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka, Tharwat alimlisha mwenyewe. Alimpa bakuli la dengu, akampa la pili, akampa wali wa maziwa, akaongeza, akimsihi na kumpangusa kidevu, kama mtu anayejaza pipa kabla maji hayajakatwa.

"Basi, Bahgat," mama akasema kwa upole, akiusukuma mkono wake. "Unataka nipasuke? Nimeshiba mpaka kesho."

Alimbusu kichwani na mikononi. Mama Nasir akakaa kwenye kiti, kikiwa bado na joto, akachota kijiko kimoja, wamzoeshe. Tharwat alikuwa ngazini na begi begani aliposikia chuma kikigonga meno yaliyofungwa, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, na Mama Nasir akisema, "Kidogo tu, Bi Suhair, kidogo tu." Akasimama. Treni ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Akashuka.