Jaji wa Kwanza Si Mahakama Nzima

Binti yangu Ingvild alikuwa akichambua hukumu gazetini hapa Oslo, akitumaini kuajiriwa moja kwa moja. Majaji watano walipoamua kesi ya wapangaji, alisoma maoni ya jaji wa kwanza tu, maana kwa kawaida wengine huandika kwamba wanakubaliana naye. Akamsifu sana kwa kuwapa wapangaji ushindi.

"Soma mpaka mwisho, mwanangu. Moyo unanidunda."

"Mama nawe! Ulikudunda hata niliponunua baiskeli."

Akatuma makala.

Kesho yake mhariri akampigia simu. "Ingvild, wale wanne wamempinga huyo jaji wako! Wapangaji wameshindwa, na sisi tumewaambia wasihame."

Ajira alipewa mwingine. Wazazi wenzangu, wahimizeni watoto wenu wasome hukumu mpaka jaji wa mwisho.